Kiuno cha Sajini

Mpaka leo, mzee mzima na mvi zangu, nikipanda pikipiki ya mtu na njia ikaanza kuharibika, nasimama. Vijana wananicheka, ati babu anataka kuruka. Nawaacha wacheke. Hawajui kwamba kuna mtu aliwahi kunifunga mkanda kwenye kiti ili nisisimame, wala hawajui nilivyomlipa. Nasikia wazee wenzangu wakisema wamekwisha samehe mambo yote ya ujanani. Hongera zao. Mie nikimkumbuka sajini yule nafurahi, na kinachonifurahisha zaidi ni ukelele wake.

Ilikuwa miaka ya vita, arubaini na kitu, na Likoni ilikuwa imejaa askari. Kambi yetu ilikuwa nyuma ya Shelly Beach, kwenye minazi, na kazi yangu ilikuwa kupeleka barua kwa pikipiki. Nilichukua bahasha kambini nikazifikisha kwa wale waliokaa na mizinga ufuoni. Njia ya kwenda huko haikuwa njia. Ni mchanga, kisha mawe makali ya matumbawe, kisha magogo ya minazi iliyoanguka, kisha mchanga tena. Kabla ya hapo sikuwa nimepata kushika kitu chenye injini. Mama alipoisikia ile pikipiki ikinguruma uani kwetu Shika Adabu alitoka na mwiko mkononi. "Yesu wangu," akasema, "punda gani huyu?" Lakini Jumapili aliniomba nimpitie nayo kanisani, ili wenzake wamwone mwanawe.

Mzungu wetu mkubwa, kapteni, alikuwa na wazimu wa mchezo mmoja wa kwao. Alipanga mawe na magogo nyuma ya jiko la kambi, akachora njia nyembamba kwa chokaa, na kila mwendeshaji ilimpasa kupita polepole juu ya vitu vile bila kuweka mguu chini. Ukishusha mguu umeshindwa. Aliyepita vizuri alibaki na pikipiki yake, na aliyeshindwa alipelekwa kubeba masanduku gatini. Kwa hiyo yeye aliuona mchezo, sisi tuliona riziki yetu iko pale juu ya mawe.

Sasa elewa jambo moja. Pikipiki za siku zile nyuma hazikuwa na springi, ila zile mbili chini ya kiti. Gurudumu la nyuma likigonga jiwe, pigo linakupanda moja kwa moja hadi kiunoni. Ukikaa kitako, springi ni kiuno chako. Mie hakuna aliyenifundisha. Marehemu baba alikuwa mgema, na tangu utoto nilikwea naye minazi. Mkwezi uzito wake uko miguuni, magoti kayakunja kidogo, tumbo kalikaza, na mikono inashika tu, haimbebi. Nikafanya vivyo hivyo juu ya vikanyagio. Pikipiki ikawa inarukaruka huko chini, mie juu nimetulia, macho yako mbele hata jiwe la tatu nimekwisha liona. Kapteni akapiga makofi. Wenzangu, vijana wa Changamwe, wakaanza kuniiga.

Hapo ndipo sajini aliponichukia. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa pikipiki, mtu wa bara, mrefu, mwenye tepe alizozipiga pasi mpaka zikang'aa. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori, na alitufundisha pikipiki kana kwamba nayo ni lori: kaa, nyoosha miguu, kaza mikono, angalia gurudumu. Wanafunzi wake walikuwa wanashuka wameshika viuno.

"Nani alikuambia usimame?" akaniuliza mbele ya watu.

"Hakuna, afande. Naona ni rahisi zaidi."

"Jeshini hatugemi tembo. Kaa kitako kama mtu. Mtoto wa mgema wewe, ukiachiwa utafunga kibuyu kwenye usukani!"

Watu wakaangua kicheko. Na mie nilicheka, maana ungefanyaje? Lakini ndani nilikuwa nawaka. Baba yangu alilisha nyumba nzima kwa minazi ile, akatusomesha, akafa hajamtukana mtu, leo anatajwa kwenye vumbi la kambi na mtu asiyemjua hata kwa sura.

Nikawa nakaa akiniangalia, na akigeuka nasimama. Siku moja akanivizia kwenye mawe ya ufuoni akanikuta nimesimama. Kesho yake asubuhi alikuja na mkanda wa ngozi wa kufungia mizigo. Akaupitisha kiunoni mwangu, akauzungusha chini ya kiti, akaukaza, akafunga kifungo nyuma, mahali mkono wangu haufiki.

"Sasa gema," akasema.

Alinifunga hivyo kila asubuhi. Kapteni alikuwa safarini Nairobi, na wenzangu waliogopa zile tepe. Nilikwenda na kurudi nimefungwa kama gunia la kopra, kila jiwe linanigonga mfupa kwa mfupa. Siku kiuno kilipokatika nilikuwa kwenye gogo dogo tu, la kudharau. Nilisikia kitu kimeachia chini ya mgongo, na moto ukashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni. Nilifika kambini sijui vipi. Waliponifungua nilibaki vilevile, nimejikunja, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

Sajini alinizunguka akinitazama. Halafu akasema neno moja: "Mtegaji."

Alimaanisha najifanya mgonjwa ili nikwepe kazi. Pikipiki yangu akampa mwingine siku ileile. Mie akanitia jikoni kuteka maji, madebe mawili kwenye mti wa begani, kutoka kisimani hadi kwenye masufuria. Nami sikuwa na kiuno! Jina likanitangulia kila mahali. Nikivuka feri nasikia, mtegaji huyo. Kanisani kwetu mzee mmoja akanishika mkono, akaniambia kwa upole kwamba uvivu nao ni dhambi. Lo! Wallahi, siku ile karibu nimpige mzee wa watu mlangoni pa kanisa.

Nilitaka vitu viwili tu, na nilivitaka kuliko chakula: pikipiki yangu, na jina lile litoke. Tena litoke kwa kinywa kilekile kilicholitia.

Nyumbani mama aliponiona naingia nimepinda alitaka kufunga leso aende kambini papo hapo. "Nitamwambia maneno mpaka tepe zimdondoke!" Nikamzuia. Nikamkemea hasa, nikamwambia ataniharibia kazi. Akanuna, akakaa jikoni hataki kunisemesha. Lakini mama alikuwa mkandaji. Wazazi waliotoka kujifungua, wapagazi, mabaharia, wote walikuja kwake, na mwanawe hangeweza kumwacha sakafuni akiugulia.

Kwanza akachota maji kwa kata, akajaza kinywa, akatoka hadi mlangoni, akayapuliza nje. "Kama nilikuwa na neno na mwanangu," akasema, "limetoka." Ndiyo desturi yetu sisi watu wa Rabai, na ukristo wake wote mama hakuiacha. Mgonjwa haguswi katika nyumba yenye kinyongo naye. Kila mwenye kinyongo hutema maji yake mwenyewe, hakuna wa kumtemea mwenzake. "Moyo ukiwa na neno na mtu," alizoea kuniambia, "mkono wenyewe unakwenda panapouma na kukaa hapohapo."

Akanilaza ubavu kwenye mkeka. Alikaanga mchanga na chumvi ya mawe kwenye chungu, akafunga kwenye kitambaa, akanigandamiza nao kiunoni mpaka nyama ikalegea. Ndipo akapaka mafuta ya nazi na kuanza kukanda. Uti wa mgongo wenyewe hakuugusa. Alikanda nyama za pembeni, polepole, na makalio, na paja la nyuma, ati huko ndiko kiuno kilikofungwa kamba. Kisha akanigeuza chali, miguu juu ya kigoda, magoti yamekunjika. Ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile kuvuta pumzi ikafika tumboni.

Nikadhani sasa nitalala wiki nzima. Thubutu! Alfajiri akaniamsha. "Kiuno ukikilaza sana kinaganda. Nenda pwani." Nikawa naingia baharini maji yakiwa kiunoni, natembea, na maji yanabeba nusu ya uzito wangu. Na yale madebe ya sajini akanifundisha kuyachukua: chuchumaa, mgongo wima, debe lisogeze karibu na mwili, kaza tumbo, inuka kwa mapaja. Akanifunga leso pana chini kabisa, juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Basi ile adhabu ikageuka dawa. Kila debe nililonyanyua nilimtaja sajini kimoyomoyo, na mapaja yakazidi kupata nguvu. Nilipona hivyo, kwa hasira.

Nilipona, lakini sikusema. Mbele ya sajini niliendelea kuchechemea kidogo. Nilikuwa nangoja.

Kapteni akarudi, na mara tu aliporudi akataka mchezo wake. Tukakusanyika nyuma ya jiko. Safari hii alikuwa ameongeza mawe, tena makubwa, na gogo nene la mnazi limelazwa mwisho. Wenzangu walikuwa wanaliangalia gogo lile kwa hofu, maana sasa wote walikuwa wamezoezwa kukaa. Kapteni akauliza nani ataanza. Nikaweka madebe yangu chini, nikasogea mbele, nikapiga saluti.

"Afande, sisi bado wanafunzi. Tunaomba mwalimu wetu apite kwanza tuone. Yeye hupita kitako kabisa, wala hainuki."

Sajini akanigeukia. Mpaka leo nayaona yale macho. Alijua, nami nilijua kwamba amejua. Lakini kapteni alishafurahi, amekwisha sema "Vema sana," na vijana wa Changamwe wakadakia, "Mwalimu! Mwalimu!" Angefanyaje? Angesema haiwezekani, na ndivyo alivyotulazimisha kila siku? Angesimama kwenye vikanyagio mbele yetu, kama mtoto wa mgema?

Akapanda. Akakaa. Jiwe la kwanza kiti kilimrusha kikampokea. La pili nilimsikia akiguna. Na alikuwa dereva, siwezi kumnyima haki yake, usukani aliushika na mguu hakuuweka chini. Alifika kwenye gogo. Gurudumu la mbele likapanda, likashuka, halafu la nyuma likapanda na kudondoka kwa kishindo, na yeye yuko kitini na kilo zake zote. Pikipiki ilikwenda hatua chache ikazimika. Sajini akabaki juu yake, ameshika usukani, kinywa wazi, hatoi hata sauti. Ilibidi watu wamshushe kama alivyo, amekunjika. Nami nilikuwa mmoja wa waliomshusha. Nilimshika kwapani nikamwambia kwa adabu zote, "Pole, afande."

Dresa wa kambi alimpa vidonge vyeupe, akamwambia alale. Akalala, na kiuno kikaganda kama mama alivyosema. Huku tunaambiwa jenerali anakuja kukagua kambi, na sajini asiyeweza kusimama wima kwenye gwaride atavuliwa tepe arudishwe kwenye lori. Kila aliyemwendea kumpa pole alimwambia lilelile: kuna mama mmoja Shika Adabu, huyo tu ndiye atakayekunyoosha. Hakuna aliyemwambia ni mama wa nani. Vijana wale, Mungu awabariki popote walipo.

Alikuja jioni, jua halijazama, kashika fimbo mkono mmoja na bega la askari mkono mwingine. "Hodi hapa." Mama akaitikia, akamkaribisha, akapokea shikamoo yake. Ndipo nikatoka chumbani. Alivyoniona aligeuka kutaka kuondoka, kiuno kikamkatalia, akashika mwimo wa mlango.

"Huyu ni mwanangu," mama akasema taratibu. "Nasikia mnajuana."

Akamweleza desturi. Sajini alisikiliza huku jasho linamtoka, na mwisho akanitazama. "Basi ateme," akasema. "Ateme, nikandwe. Tafadhali."

Mama akanipa kata. Nikajaza kinywa maji. Nikaenda hadi mlangoni, yeye kanikodolea macho ya kuomba, yule aliyenifungia kifungo nyuma nisikifikie. Nikamkumbuka baba. Nikayameza maji yote, funda moja.

"Yamekwenda wapi?" mama akauliza, na yeye ameyaona.

"Yamekwenda ndani, mama. Jina langu bado liko kambini."

Sajini akaanza kubabaika, ati atanirudishia pikipiki, ati atanipa likizo. Nikamwambia pikipiki ni yangu hata bila yeye, kapteni akiniona nikipita tu. Ninachotaka ni asubuhi, kwenye foleni, wote wakiwepo, na kapteni akiwepo, aseme mwenyewe kwamba sikuwa mtegaji, kwamba kiuno alikivunja yeye kwa mkanda wake. Amtaje na baba yangu kwa heshima. Akisha sema, maji yapo, kisima chetu hakikauki.

"Siwezi kusema hivyo mbele ya watu," akasema.

"Basi, usiku mwema, afande."

Akaondoka. Nilimsikia akiugulia njia nzima mpaka kwenye mikorosho. Niliogopa, nisikufiche. Niliogopa kwamba atajikaza, jenerali atapita, na mie nitabaki na madebe na jina langu bovu mpaka vita viishe. Mama alikuwa anapepeta mchele tu.

Asubuhi sajini alikuja kwenye foleni na fimbo yake. Alikuwa amepinda hata tepe zinatazama chini. Akasema. Alianza kwa sauti ndogo, na kapteni, ambaye Kiswahili alikijua cha kutosha, akamwambia arudie watu wa nyuma wasikie. Akarudia. Alisema mkanda, alisema kiti, alisema mimi si mtegaji wala sijapata kuwa. Alisema baba yangu mgema alikuwa mtu wa heshima, na kwamba kusimama kwenye pikipiki ndiyo njia. Kapteni akaomba aletewe mkanda ule. Akautazama, akautia mfukoni, akaniambia nichukue pikipiki yangu. Nilipita mawe yote na gogo, nimesimama, na yule mpishi niliyekuwa namtekea maji alipiga sufuria kwa upawa mpaka likabonyea.

Mchana sajini akaletwa tena Shika Adabu. Nilitimiza ahadi. Nilijaza kinywa, nikatoka mlangoni, nikapuliza maji mbali mpaka kuku wakatawanyika. "Kama nilikuwa na neno na mtu huyu, limetoka," nikasema, na kweli lilikuwa limetoka. Nilijisikia mwepesi. Sajini akashusha pumzi, akalala mkekani kwa raha, akamwachia mama mgongo wake. Kwa hesabu yake yeye kinyongo ni cha mwanamume wa nyumba, na mwanamume wa nyumba amekwisha tema.

Mama akaweka kata juu ya mtungi. Akapaka mafuta mikononi, akakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, akapiga goti.

Kazi aliifanya, sikatai. Alimnyoosha mtu yule, na siku ya jenerali alisimama wima kuliko bendera. Lakini ukelele alioutoa alasiri ile ulifika kwenye feri, na watu waliokuwa wanangoja kuvuka waliniapia kwamba walidhani kuna mzazi kwetu. Mama hakuharakisha. Kila akipata mahali panapouma, alikaa hapohapo.

Jioni nilimkuta ananawa mafuta kwa majivu. "Mama," nikamwambia, "mbona wewe hukutema maji?"

Akajifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja.

"Nani aliniomba?"